Watoto wanapodai Halloween, malenge yatakutoa aibu

Kila lifikapo juma la mwisho la mwezi wa Oktoba, huzuka ubishi katika nyumba nyingi za mijini ambao zamani haukuwako. Watoto wamewaona wenzao wa Marekani katika televisheni na katika simu za wazazi, wakivaa vinyago, wakibisha milango ya majirani na kujaziwa peremende mifukoni. Wameona pia baadhi ya maduka makubwa ya Nairobi yakipambwa kwa utando bandia wa buibui na maboga ya plastiki. Basi hurudi nyumbani wakidai nao wafanyiwe Halloween. Baba husema hizo ni pesa za kuchezea. Mama husema hayo ni mambo ya mashetani. Mtoto hununa, sahani yake ya ugali ikapoa mezani, na jioni ya watu wote ikaharibika.

Mtaa wa Mwihoko, ulio katika eneo la Ruiru, mwendo mfupi tu kutoka Githurai, haukusazwa na ubishi huo. Jina lenyewe la mtaa huu kwa Kikuyu lina maana ya tumaini, na ama kwa hakika wengi waliohamia huku walikuja na tumaini la kupata kiploti, kusimamisha nyumba na kuagana na kodi za Nairobi. Watu wa namna hiyo hawana shilingi ya kutupa. Ifikapo Oktoba, wazazi huwa wamekwisha kuanza kuhesabu gharama za Krismasi kwa mkono mmoja na karo ya Januari kwa mkono wa pili. Kumwambia mzazi kama huyo alipie vazi la mzuka litakalovaliwa usiku mmoja ni kumchokoza bure.

Hata hivyo, kumfokea mtoto hakumalizi haja yake. Mama mmoja wa hapa mtaani alinieleza jinsi mwanawe wa miaka 11 alivyonyimwa pesa za kwenda kwenye sherehe ya namna hiyo pamoja na wanafunzi wenzake. Kijana hakulia wala hakubisha. Aliuliza swali moja tu: "Mama, sisi siku yetu ni ipi?" Mama huyo aliniambia kwamba swali hilo lilimkosesha usingizi, kwa sababu alipotafuta jibu alikuta kwamba mwaka mzima ulikuwa umepita bila familia yake kufanya lolote pamoja ila kulala na kuamka. Yeye hutoka nyumbani alfajiri kuwahi matatu, na baba watoto hurejea wakati watoto wamekwisha lala.

Safu yetu leo, basi, inajaribu kulijibu swali la kijana huyo, na jibu lenyewe tutalipata jikoni.

Sherehe yenyewe ilitoka wapi?

Kabla ya kulaani jambo au kulikumbatia, ni vyema kulijua. Halloween ni mkesha wa Siku ya Watakatifu Wote, ambayo Wakristo wengi huiadhimisha Novemba 1. Siku inayofuata, Novemba 2, Wakatoliki huwaombea marehemu wote, na wasomaji wetu wa madhehebu hayo wanalijua jambo hilo vyema. Hapo kale, Waselti wa Ireland na Uskoti walikuwa na sikukuu yao iliyoitwa Samhain, iliyofunga msimu wa mavuno na kukaribisha miezi ya baridi. Desturi hizo zikachanganyika.

Jambo linalotuhusu sisi watu wa jikoni ni kwamba siku hizo tangu zamani zilikuwa na mikate yake. Huko Uingereza, maskini walizunguka nyumba kwa nyumba wakipewa vikeki vidogo vyenye viungo, nao kwa upande wao wakawaombea marehemu wa nyumba ile. Watu wa Ireland huoka mkate wenye zabibu kavu uitwao barmbrack, wakaficha pete ndani yake, na atakayeikuta katika kipande chake huambiwa kwamba harusi yake i karibu. Mexico nao huoka mkate wa wafu kwa ajili ya Novemba 1 na 2, na familia huukumbukia jamaa waliotangulia.

Na maboga? Watu wa Ireland walikuwa wakichonga taa kwa kutumia mizizi minene iitwayo tanipu. Wengi wao walipokimbilia Marekani wakati wa njaa ya viazi ya mwaka 1845 hadi 1852, walikuta huko boga, ambalo ni kubwa zaidi na laini kuchongeka, wakaacha tanipu. Boga lenyewe asili yake ni huko Amerika. Mbegu zilizofukuliwa katika pango moja la jimbo la Oaxaca nchini Mexico zimeonyesha kwamba watu walikuwa wakililima kiasi cha miaka 10,000 iliyopita. Lilifika Afrika baada ya safari za Columbus zilizoanza mwaka 1492, likatukaa kana kwamba ni letu tangu Adamu.

Nani basi atatuambia kwamba boga ni la Wamarekani? Hapa kwetu tunayaita malenge, na majani yake ndiyo yanayoupa mukimo ule ukijani wake. Bibi zetu waliyachemsha na kuyala kwa chai asubuhi. Huko Zanzibar, boga likapikwa kwa tui la nazi, huwa miongoni mwa futari za Ramadhani. Wamarekani huchonga boga likawa taa, na baada ya siku chache likaoza na kutupwa. Sisi tulile.

Kuchagua boga

Katika soko la Githurai malenge hupangwa chini kwa mafungu, makubwa na madogo, ya kijani na ya manjano. Usidanganywe na ukubwa. Chagua lenye kikonyo kikavu na ganda gumu ambalo ukucha haulipenyi. Likiwa zito kuliko unavyolitarajia kwa umbo lake, hilo lina nyama. Boga zima, likiwekwa mahali pakavu na pasipo joto, hukaa miezi kadhaa bila kuharibika, lakini likishapasuliwa lipikwe katika siku chache. Onja kipande kidogo kabla ya kupika. Likiwa chungu, litupe, kwa kuwa uchungu huo ni wa sumu inayoweza kuliumiza tumbo.

Likate vipande, toa mbegu uziweke kando, kisha lipike kwa mvuke au kwa maji kidogo sana. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Boga lililochemshwa kwa maji mengi hulowa, na keki yake hukaa kama uji ndani. Likishaiva, limwage katika kitambaa safi au chujio, liache lichuruzike, ndipo uliponde. Rangi yake ya manjano si pambo tu: ni dalili ya kiini ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, ile inayosaidia macho.

Oveni ya sufuria

Najua msomaji aliyepanga chumba kimoja amekwisha kuniuliza moyoni, "Oveni nitaitoa wapi?" Usijali. Akina mama wa Mombasa na Lamu wameoka mikate ya sinia na ya mayai tangu zamani kwa kupalia makaa juu na chini, wala hawakumngojea mtu awaletee umeme.

Tafuta sufuria kubwa nzito yenye mfuniko bapa. Tandaza ndani yake mchanga mkavu uliooshwa, kina cha vidole viwili. Ifunike na uiweke juu ya jiko la makaa kwa dakika 15 ili joto lienee. Keki yako iwe katika sufuria ndogo isiyo na mikono, iliyopakwa siagi na kutandikwa karatasi. Iteremshe juu ya mchanga, funika, kisha weka makaa machache juu ya mfuniko. Kanuni ya watu wa pwani ni kwamba moto wa juu uzidi wa chini, kwa maana moto wa chini ukizidi, keki itaungua kitako ilhali katikati ni mbichi. Usifunue kabla ya dakika 35 kupita. Keki inayoumuka huwa imejaa hewa ya moto, na ukiipuliza baridi mapema huanguka katikati.

Keki ya malenge

Vinavyohitajika ni vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha malenge yaliyopondwa, robo tatu ya kikombe cha sukari, nusu kikombe cha mafuta ya kupikia, mayai 3, vijiko 2 vya chai vya bekin pauda, kijiko 1 cha chai cha mdalasini, nusu kijiko cha tangawizi ya unga na chumvi kidogo.

Chekecha unga pamoja na bekin pauda, chumvi na viungo. Katika bakuli jingine piga mayai na sukari hadi yafanye povu, kisha tia mafuta na malenge. Changanya vyote kwa mwiko, taratibu, na uache mara tu unga mkavu unapokwisha kuonekana. Ukikoroga mno keki hukakamaa. Oka kwa muda wa dakika 45 hadi saa moja, kulingana na moto wako. Choma katikati kwa kijiti kisafi, na kikitoka kikavu, epua. Iache ipoe kabla ya kuikata, hata watoto wakilia.

Skonzi zenye nyuso

Hizi ndizo zitakazowafurahisha wadogo. Chukua vikombe 4 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha malenge yaliyopondwa na kupoa, theluthi moja ya kikombe cha sukari, vijiko 2 vya chai vya hamira, vijiko 2 vikubwa vya siagi, yai 1, iliki iliyosagwa, chumvi kidogo na kiasi cha nusu kikombe cha maziwa vuguvugu.

Changanya hamira na maziwa. Maziwa yasichome kidole, kwani hamira ni kitu hai na joto kali huiua. Ikianza kutoa povu, changanya vyote. Maziwa yatie kidogo kidogo, maana malenge nayo yana maji yake. Kanda kwa dakika 10 hadi donge liwe nyororo, lifunike na uliache liumuke kwa saa moja. Kisha wagawie watoto vidonge. Kila mmoja afinyange uso autakao: macho ya zabibu kavu, masikio yaliyochongwa kwa mkasi safi, mdomo uliokatwa kwa kijiko. Mwenye kutaka mzuka afanye mzuka, na mwenye kutaka sura ya mjomba wake afanye mjomba. Ziache ziumuke tena kwa dakika 20, kisha zioke katika ile sufuria kwa nusu saa hivi, zikiwa zimepangwa kwa kuachana ili zisisongamane.

Biskuti za tangawizi na mbegu

Kwa biskuti, sugua gramu 125 za siagi pamoja na nusu kikombe cha sukari, tia yai 1, vikombe 2 vya unga, kijiko 1 cha chai cha tangawizi ya unga na mdalasini kidogo. Donge likiwa kavu mno, nyunyiza maziwa, na likiwa laini mno, ongeza unga. Lisukume kama chapati nene, ukate kwa mdomo wa glasi. Zioke juu ya sinia dogo lililopakwa mafuta, dakika 15 hadi 20. Zikitoka huwa laini bado, lakini hukauka zinapopoa.

Zile mbegu ulizoziweka kando zioshe utelezi wote utoke, zianike, kisha uzikaange kwa moto mdogo na chumvi hadi zianze kurukaruka. Mwanafunzi aliyepanga huko Kahawa Wendani na hana hata sufuria ya pili anaweza kuanzia hapa, na hatakuwa amegharamika.

Moto usilete msiba

Sasa naomba msomaji anisikilize kwa makini, maana haya ni makubwa kuliko keki. Makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Mara kwa mara, hasa nyakati za baridi, tumesoma katika magazeti habari za familia nzima zilizolala na jiko chumbani na zisiamke. Oktoba na Novemba ni miezi ya mvua za vuli, na mtu hushawishika kuliingiza jiko ndani ili kukwepa manyunyu. Usifanye hivyo. Okea nje, barazani au chini ya kibanda kilicho wazi. Keki ikishaiva, jiko lenye makaa mekundu libaki nje, hata kama chumba ni cha baridi na watoto wanataka kuota moto. Mtu akianza kuumwa na kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu karibu na jiko, mtoe nje kwenye hewa safi mara moja na mpelekwe hospitali.

Wanaotumia gesi nao wana tahadhari yao. Ule mtungi mdogo wa kilo 6 wenye kichomeo juu yake haukuumbwa kubeba sufuria kubwa iliyojaa mchanga. Sufuria pana hurudisha joto chini kuelekea kwenye mtungi, na uzito wake waweza kuuangusha. Ukitaka kuoka kwa gesi, tumia meko ya mezani ambayo mtungi wake umekaa kando. Watoto wadogo wakande, wapambe na waonje, lakini mambo ya makaa na mafuniko ya moto yawe ya watu wazima.

Sahani kwa jirani

Katika miaka ya karibuni shule zetu zimekuwa zikifunga muhula wa tatu mwishoni mwa Oktoba, ila watahiniwa ambao hubaki wakifanya mitihani. Kwa hiyo watoto huwa nyumbani, mikono mitupu, na Krismasi ingali mbali. Chagua siku moja, iwe Jumamosi au Jumapili baada ya ibada. Si lazima iwe tarehe 31 na si lazima iitwe Halloween. Muislamu na Mkristo, anayeipenda sherehe hiyo na anayeichukia, wote wanaweza kula skonzi ya malenge bila dhamiri kuwasuta.

Jambo moja katika desturi ile ya ugenini ningependa tulichukue, nalo ni lile la kubisha mlango. Huku kwetu, hasa katika maploti mapya, watu huishi ukuta kwa ukuta miaka mitatu bila kujuana majina. Mwenye nyumba hii akifiwa, mwenye nyumba ile hupata habari akiona turubai. Geuza mambo: badala ya watoto wako kwenda kuomba peremende, wape sahani ya skonzi nne, waende wabishe mlango wa jirani na kusema, "Shikamoo, mama ametutuma tukuletee." Waanze na mzee anayeishi peke yake, au nyumba iliyofiwa mwaka huu, ambayo sikukuu zinazokuja zitaipata na kiti kitupu. Vile vikeki vya kale vya Uingereza vilikuwa na kazi kama hiyo, na mila zetu wenyewe hazikupungukiwa nayo. Wazee walisema sahani ya jirani hairudi tupu, kwa hiyo usishangae ikirudi na ndizi mbili au mayai.

Huenda kuna msomaji atakayeonja keki yake na kuwaza biashara. Ni wazo jema, na Desemba ina wateja. Ila akumbuke kuwa anayepikia watu kwa malipo huhitaji cheti cha afya na leseni ya kaunti, na akitaka kufunga bidhaa zake ziuzwe madukani, atahitaji alama ya KEBS. Aanze na majirani wanaomjua, aandike kila shilingi aliyotoa, hata ya makaa, ndipo atakapojua kama amepata faida au ameshiba tu.

Yule mama wa mwanawe wa miaka 11 nilimpa maelezo haya haya kabla hayajafika gazetini. Alinunua boga moja Githurai akishuka kwenye matatu, akalipakata hadi nyumbani. Keki yake ya kwanza, kwa maneno yake mwenyewe, iliungua kitako. Waliukwangua weusi kwa kisu, wakaila yote, na baba watoto, aliyekuwa amepewa kazi ya kuchunga makaa ya mfunikoni, ndiye aliyelaumiwa na watoto wote kwa pamoja. Kijana ameshatangaza kwamba mwaka ujao makaa atayachunga yeye.